Mikono ya Moto Huua Chambo

Nyumba yetu ina mafriji mawili. La jikoni ni bovu, linatetemeka kama lina homa, na hakuna anayelishughulikia. La chumba cha nyuma ni jipya, lina kipimajoto chake, na likikohoa kidogo tu fundi anaitwa mbio. Hilo ni la minyoo. Nilipoolewa hapa nilimuuliza mume wangu, "Yaani mimi ninywe maji ya uvuguvugu ili minyoo walale kwenye baridi?" Akacheka. Mpaka leo anacheka. Kumgombeza mtu huyu ni kumpigia mbuzi gitaa.

Kazi yetu ni chambo. Mume wangu huchimba minyoo ufukweni maji yakipwa, mama mkwe na mimi tunawachambua na kuwatunza, na wavuvi wa ndoana wanakuja kununua. Mnunuzi wetu mkubwa ni Nahodha, mwenye boti ya kuwapeleka watu baharini kuvua kwa kujifurahisha. Yeye anataka mnyoo anayejinyonganyonga, si aliyelala. Akikuta chambo kimekufa, anairudisha trei mpaka mlangoni na kuitua chini bila hata salamu.

Na mnyoo wa baharini ana madeko, acha tu! Maji ya bomba yanamuua, kwa hiyo tunateka ya bahari kwa madumu. Joto linamuua. Kubanana kunamuua. Lakini adui yake mkubwa ni mwenzake aliyekatika, maana akivuja damu ndani ya trei, kesho yake trei nzima inanuka. Samaki mmoja akioza wote wameoza, na waliosema hivyo hawakuwahi kufuga minyoo. Ndiyo maana kila mmoja anainuliwa kwa vidole, anapapaswa toka kichwa mpaka mkia, kisha analazwa kwenye gazeti lenye unyevu wa maji ya chumvi. Mzima huku, aliyekatika kule.

Malkia wa kazi hiyo ni mama mkwe. Mimi namwita Mama tu, maana nilipofika hapa nilikuwa nikiona mnyoo napanda juu ya kiti, naye hakunicheka. Alivuta kiti kingine akaniambia nikae karibu yake. Kuchambua hatazami, hajawahi kutazama. Anaongea habari za mtaa huku vidole vinafanya kazi vyenyewe. Alipenda kutuambia kwamba mikono ya baridi ni kipaji, na mikono ya moto huua chambo.

Mwaka huu chambo kikaanza kufa.

Sababu niliijua kabla ya wote. Siku moja Mama alishika sufuria iliyotoka motoni, kwa mikono mitupu, akawa anatembea nayo taratibu kutafuta pa kuiweka. Nilipiga kelele nikampokonya. Ngozi ilikuwa imeshababuka. "Loo," akasema, "kumbe ni ya moto?" Ni ugonjwa wake wa sukari, ulikuwa umemwibia hisia za vidole. Tangu siku hiyo nikawa namwangalia mezani. Alikuwa anabana bila kujua, mnyoo anakatika, naye anamlaza pamoja na wazima huku anaendelea na hadithi yake.

Nikamwambia mume wangu, "Ongea na mama yako apumzike."

"Ongea naye wewe. Nyinyi wanawake mnaelewana."

"Mama ni wako au wangu?"

Akatazama dari. Mwanamume mzima! Lakini hata mimi niliogopa. Tangu baba mkwe afariki, meza ile ndiyo inayomwamsha Mama. Anaoga, anajifunga kitambaa kichwani, anakwenda kazini kwake, chumba cha nyuma. Ukimnyang'anya hiyo, anaamka kwa ajili ya nini? Basi nikaamua kunyamaza na kufanya kazi. Mchana akijinyoosha kitandani, mimi naingia kwa kunyata, nazifungua trei zote, nawachambua minyoo upya mmoja mmoja. Mgongo ulikuwa unaniua, lakini chambo kikapona.

Mpaka siku wageni walipokuja mchana wakakaa, wakakaa, wakasahau kwao. Sikupata nafasi. Kesho yake Nahodha akaja na trei zake.

"Wamekufa mbele ya wateja wangu," akasema. "Ikitokea tena, nanunua kwingine."

Kabla sijafungua mdomo, Mama akatokea nyuma yangu. "Ni mimi, mwanangu," akamwambia. "Mikono yangu imezeeka. Mkwe wangu usimguse kwa lawama."

Nahodha, mtu aliyezoea kupigia upepo kelele, akashusha sauti. Akasema haya Mama, tujaribu tena, akaondoka. Moyo wangu ukatulia. Kumbe anajua! Kumbe amejisemea mwenyewe, hakuna haja ya kumwambia!

Mama akafunga mlango, akanishika mkono akanivuta hadi chumba cha nyuma.

"Nimekusitiri," akaninong'oneza.

"Mimi? Kwa lipi?"

"Mikono yako ina moto, mwanangu. Si kosa lako, ndivyo ulivyoumbwa. Mchana ukidhani nimelala nakusikia humu, unawapekua minyoo niliokwisha kuwapanga. Nikasema mwache, ana hamu ya kazi. Kumbe ndio unawamaliza. Basi, lawama nimebeba mimi. Mimi mzee, hainipunguzii kitu. Wewe bado una safari."

Hasira ilinipanda mpaka masikio yakawaka. Mimi! Mimi ninayepinda mgongo kila mchana! Neno lilikuwa limeshafika kwenye ncha ya ulimi: ni vidole vyako, Mama. Nikamtazama. Alikuwa amesimama wima, uso umemng'aa, amefurahi kwa kuniokoa. Mlangoni mume wangu amesimama na uma wake wa kuchimbia, matope mpaka magotini, ananiomba kwa macho.

Nilimeza. Afadhali ningemeza mnyoo.

"Kweli, Mama," nikasema. "Mikono yangu ina moto. Nifundishe upya."

"Kaa hapa," akaniambia, akanipisha kwenye kiti chake. "Wewe utashika, mimi nitakuelekeza. Ila kwanza tuipoze."

Akavuta beseni la maji ya bahari yaliyotoka kwenye friji, akaichukua mikono yangu, akaizamisha, akaishikilia humo ndani kwa mikono yake. Maji yalikuwa baridi ya kuuma mifupa. Tukakaa. Nilimsubiri aanze mafunzo yake, lakini alikuwa ameinamia beseni, anaitazama mikono yetu.

"Imepoa?" akauliza mwishowe.

"Si umeishika mwenyewe, Mama?" Ndivyo ulimi wangu ulivyo, unatangulia.

Hakucheka.

"Niambie wewe," akasema polepole. "Vidole vyangu havijui tena baridi wala moto. Hata sasa nimekushika, najua kwa sababu nakuona."

Nikajua kwamba anajua. Labda alijua tangu pale mlangoni mbele ya Nahodha, labda alikuwa amejua pale pale ndani ya maji, sikumuuliza na sitamuuliza. Machozi yalikuwa yananitoka na mikono yote miwili iko ndani ya beseni, sina hata wa kunifuta. Nikaigeuza mikono yangu, nikaishika yake, nikaikaza kwa nguvu zangu zote mpaka vidole vyake vikapauka, ili aone.

"Imepoa, Mama."

"Umenishika?"

"Nimekushika."

Akatazama majini kuhakikisha. "Haya," akasema. "Lete trei ya kwanza."