Orodha Iliyokwisha Kabla Mtu Hajaitwa

Kahawa iliyochumwa ikalala kwenye gunia siku nzima na usiku wake inanuka kama pombe ya busaa iliyomwagikia soksi. Jumanne asubuhi magunia ya wakulima sitini na watatu yalikuwa yamejaa mbele ya lango la kiwanda chetu cha kahawa, nje kidogo ya Githongo, yakichuruzika ute mweusi. Nzi walikuwa wamefika kabla yangu. Na aliyeiozesha kahawa hiyo ni mimi.

Mashine yetu ya kumenya kahawa ni moja. Zamani watu walikuwa wanapanga foleni tangu alfajiri, wakisukumana na kutukanana, ndipo chama chetu cha wakulima kikaniomba niandike programu ya kuwaita kwa ujumbe wa simu, mmoja mmoja. Niliiandika kwa JavaScript, nikatumia jenereta, si ile ya umeme, ni kipande cha programu. Jenereta haikumwagii orodha yote kwa mkupuo. Inakupa jina moja, inasimama na kungoja, na haitoi la pili mpaka uiite tena. Karani akishapima kahawa ya mtu anabonyeza kitufe, na mtu anayefuata anaitwa. Asiye na ujumbe haji langoni, atafukuzwa. Nilijivunia kazi hiyo kama mjinga.

Lakini katibu wetu, Muthomi, hawezi kuanza siku bila majina yote kusomwa mbele ya kamati, baada ya maombi. Ndivyo walivyofanya tangu enzi za daftari. "Weka hayo majina yote kwa screen, tusome kwanza," akaniambia Jumapili. Nilijua jenereta ikishatoa jina hairudi nyuma. Nilijua! Hata hivyo, ili nimpendeze, nikaongeza mstari mmoja wa kuyatoa yote kwenye skrini, nikarudi zangu Meru mjini bila kuijaribu.

Jumatatu kamati ikaomba, ikasoma majina sitini na matatu, ikasema amina. Jenereta ikawa tupu. Gitobu, karani, akabonyeza kitufe, na skrini ikamjibu kwa maneno niliyoandika mwenyewe: "Wakulima wote wameitwa." Hakuna aliyekuja. Wakaona labda watu wako mazishini, wakanywa chai, wakafunga lango. Nilipofungua programu jioni ile, baada ya Gitobu kunipigia simu, kosa nililiona mara moja. Nilijichukia hadi nikashindwa kula.

Sasa Muthomi alikuwa amepanda juu ya kreti, shati jeupe, kitambaa puani.

"Wazee, akina mama, poleni sana. Jana network ilituangusha. Hiyo si makosa ya mtu."

Akainama kwangu na kunong'ona, "Wewe nyamaza tu, engineer. Nani hapa anajua mambo ya code?"

Pumzi yake ilinuka maandazi. Nilimwona mchafu kuliko yale magunia, na kilichonikera zaidi ni kwamba nilikuwa karibu kumshukuru.

Mama yangu, Cicily, alikuwa wa kwanza langoni. Alikuwa ameshika simu yake ya vitufe, imefungwa kwa raba.

"Si network," akasema kwa sauti, watu wamsikie. "Ni hii kasimu kangu kamezeeka. Niliketi nayo kwa mkono mpaka giza, hata kwa choo nilienda nayo. Mashine ya huyu binti yangu Kagwiria haiwezi kunisahau mimi."

Watu wakaitikia kwa kichwa. Muthomi akatabasamu.

"Mama, ilikusahau," nikasema. "Simu yako ni nzima. Na network ilikuwa nzima. Niliandika vibaya, majina yakaisha kwa kusomwa, hakuna aliyeitwa. Ni mimi."

Mtu mmoja akatema mate karibu na kiatu changu. Muthomi akashuka kwenye kreti bila kunitazama.

Mama akaitia simu kifuani. Kahawa ya namna hiyo haimenywi tena; inaanikwa na maganda yake, iuzwe kama mbuni, kahawa ya daraja la chini, kwa bei ya aibu. Akashika pembe moja ya gunia.

"Basi shika huko."

Nikashika. Ute ukanitiririkia hadi kwenye viwiko, wa moto, unanuka. Tukaimwaga juu ya meza ya kuanikia, nikaitandaza kwa viganja nikibana pumzi. Nilipomaliza sikunawa. Nikageukia lango.

"Nani anafuata?"