Kipimo cha Masikio Kinuni

Machibya aliugeukia ukuta. Nyuma yake mkewe Milembe alipiga kigoma, akaacha, kisha akaimba.

"Nini hicho?" Milembe aliuliza kwa nguvu.

"Ngoma," Machibya alijibu.

"Nimeimba, Baba Shida. Tuanze tena."

Ndivyo sista wa zahanati alivyowaelekeza: mke amzoeshe mumewe kwa nyimbo anazozijua, ili sikio lijifunze upya. Redio ingefaa zaidi, lakini mwaka ule wa 1975 betri katika duka la kijiji zilikuwa hadithi tu. Basi Milembe aliimba wimbo wa kulimia, ule wa kule walikoishi kabla ya kuhamishiwa kijiji cha Ujamaa, hadi koo likamkauka.

Mashine za kuchambua pamba ndizo zilizomla Machibya masikio. Sasa wakubwa wa kinu, pale nje ya Bariadi, walikuwa wameamua kuwaachisha kazi viziwi wote kabla ya msimu, na kipimo kilikuwa leo. Mashine zenyewe hakuna aliyezipima.

Machibya alitega tena sikio. Uso ukamlegea. "Hapo sawa, mama Shida. Unaimba. Na mama yangu anakuitikia."

Milembe alikuwa amefunga mdomo. Mama mkwe walimwacha kaburini, kule walikotoka. Akaogopa hata kugusa kigoma.

"Usiseme hivyo kazini," alimsihi, lakini mumewe alikuwa bado anasikiliza.

Kinuni, msimamizi Gharib aliwapanga wafanyakazi wa zamani wakitazama ukuta. Redio ya ofisi ilikuwa mezani nyuma yao.

"Ukisikia muziki, nyoosha mkono," alieleza, kwa kelele na kwa vidole. "Asiyesikia, kazi basi."

Hakuifungua. Alitaka kuwanasa kwanza wanaobahatisha. Mashine zilikuwa zimezimwa, na panya walisikika wakikimbia juu ya dari.

Machibya akanyoosha mkono.

"Huyo wa kwanza," Gharib alimwambia Zena, karani wake, akicheka.

Januarius, wa pili mstarini, naye akanyoosha. Kisha Constantine. Mikono ikapanda taratibu, mstari mzima, na miguu yao ikaanza kugonga sakafu kwa pigo moja, pigo la watu wanaolima pamoja.

Gharib aliacha kucheka. Alikishika kitufe cha redio: bado ilikuwa imefungwa.

"Hawa wote ni viziwi, bosi," Zena alinong'ona. "Tukiwaachisha, pamba atachambua nani?"

Gharib aligeukia mashine.

"Washa mashine," alisema. "Washa zote, tuone kama bado watasikia."

Ukumbi ulitetemeka kwa ngurumo. Hakuna aliyeshusha mkono, na miguu iliendelea kugonga pigo lile lile la kulimia.