Mademoiselle na mdomo wa Zéphyrin

Kule Mantapala, kambi ya wakimbizi ya Zambia, mutu akipata shujaa mpya ndani ya game, hasumbuki kusoma maandishi ya Kiingereza chini ya picha. Anamuuliza Zéphyrin. Ndivyo ilivyokuwa, na Zéphyrin mwenyewe alikuwa anajua, na kujua huko ndiko kulikomharibu.

Alikuwa na meza yake sokoni, plaki ya solaire ya kuvuta umeme wa jua juu ya bati, na telefone za watu zimepangwa mbele yake zinakunywa moto. Huyo ndiye Zéphyrin wa kuchaji. Zéphyrin wa pili alikuwa wa kwenye grupe ya WhatsApp, watu mia mbili na zaidi, kuanzia kambini hadi Nchelenge, Pweto, hata Lubumbashi, wote wanacheza game moja ile ya mashujaa watano wanaopigana na majitu. Kila Jumamosi alituma audio ya dakika nane, tisa, akimpima shujaa mmoja: anapiga namna gani, akipigwa anavumilia namna gani, ni wa kulisha au ni wa kuyeyusha. Ukimyeyusha shujaa unapata mawe ya kumkuza mwingine, ila huyo wa kwanza hamuonani tena. Watu walimyeyusha shujaa ambaye Zéphyrin amemkataa na kumlisha yule ambaye amemsifu. Na alikuwa na utamu, wacha tuseme ukweli. Alikuwa akimpima shujaa kama mama mkwe anavyompima bibi harusi, na watu walicheka hata wasiokuwa na game.

Meza ya pili, hatua nne kutoka kwake, ilikuwa ya Angèle, yaya yake, yaani dada yake mkubwa, anayekaanga mikate. Wazazi wao hawapo. Baba alikufa zamani, na mama alikufa mwaka ule wa vita, walipokuwa wanakimbia kuja Zambia. Habari ile Zéphyrin aliieleza namna moja siku zote, kwa watu wa mashirika na kwa majirani: bunduki zililia asubuhi, Angèle akachukua watoto wake wawili akakimbia, yeye Zéphyrin akabakia na mama, mvua ikimnyeshea usoni usiku na mchana. Siku ya pili, katika shamba la muhogo la watu, risasi ilimkuta mama. Yeye ndiye aliyemfunga macho. Alikuwa na miaka kumi na saba. Angèle akisikia maelezo hayo alikuwa anainamia karai yake, anageuza mikate. Zéphyrin hakuwahi kumlaumu, na hilo pia alikuwa analijua, na lilimfanya ajione mutu mwema.

Tangu siku waliyopewa kiwanja hapa, miaka saba sasa, Angèle hakukosa siku hata moja kumwekea sahani ya bukari, ugali wa kwao, iliyofunikwa. Ukiacha wale watoto wawili, Angèle hakuwa na mwingine katika dunia hii, na Zéphyrin vilevile.

Halafu kuna Chiti. Chiti ni Muzambia, mvuvi wa Nchelenge, na ule ulikuwa mwezi wa pili, ziwa limefungwa kama kila mwaka ili samaki wazae, kwa hiyo hakuwa na kazi ila kupanda baiskeli kuja kucheza game na kuchokoza watu. Alikuwa na haki ya kuchokoza. Ukoo wake ni wa Mamba, na ukoo wa kina Angèle ni wa Samaki, na hizo koo mbili zinataniana tangu mababu. Mtani anaweza kukuambia neno juu ya msiba wako ambalo mwingine akilisema mtapigana. Siku ya kwanza Chiti aliposikia jinsi Angèle alivyokimbia, watu wote wamenyamaza kwa huruma, yeye akasema, "Basi kifo kilikufuata, kikakuta umeshapita, kikamuchukua aliye nyuma." Angèle alicheka. Alicheka mpaka machozi, akampa mikate mitatu bure, na majirani walisema ni mara ya kwanza kumsikia akicheka tangu afike Zambia.

Zéphyrin alikuwepo siku ile. Alilisikia neno lile, alilipenda, akaliweka.

Sasa, mwezi ule game ilileta shujaa mpya, mwanamke mwembamba mwenye upinde na mishale ya sumu. Jina lake lilikuwa refu na hakuna aliyeliweza, basi grupe ikamwita Mademoiselle. Maswali yalimwagika. Zéphyrin alimjaribu siku ya Alhamisi kwa namna yake ya kawaida: nusu dakika mbele ya sanamu ya mazoezi, nusu dakika mbele ya adui mmoja, basi, kwa sababu telefone yake ilikuwa imezeeka na moto ulikuwa unaisha upesi. Mademoiselle alikuwa na mbio, hilo halikuwa na ubishi. Lakini mshale wake uliuma kama siafu mmoja. Akipigwa mara mbili, amekufa. Na tena alikuwa na tabia moja: akishapiga, anakimbia mwenyewe, hata hujamwamuru, na mashujaa wenzake wanabaki pale.

Jumamosi audio ilitoka. Sehemu ya kwanza ilikuwa kazi safi, hesabu za mshale, hesabu za damu. Ya pili ilikuwa ya kuchekesha: mifupa ya kuku, mwanamuke huyu hata upepo wa mlango unamuangusha. Na mwisho, akitafuta kitu cha kufungia, Zéphyrin akasema: "Huyu Mademoiselle ni kama yaya yangu Angèle. Miguu ya ajabu, lakini aliye nyuma yake njo anakufa. Muyeyushe, ndugu zangu, mupate mawe."

Alituma. Hakusikiliza tena. Fidélie, muuza nyanya, ana baffle, yaani spika kubwa, na kila Jumamosi huwa anaifungulia audio ya Zéphyrin soko lote lisikie. Akaifungulia. Watu wakacheka kwenye mifupa ya kuku, wakacheka kwenye upepo wa mlango, na Zéphyrin alikuwa anacheka nao, mpaka sauti yake mwenyewe ikafika pale mwisho na akasikia kile alichokisema.

Angèle alikuwa na mikate sita ndani ya mafuta. Aliigeuza mpaka ikaiva, akaitoa, akawapa waliokuwa wanangoja. Kisha akaepua karai, akamimina mafuta ndani ya bidoni la bati, akafunika beseni la unga uliokandwa, unga wa nusu siku ya kazi, akaenda zake. Hakumtazama. Zéphyrin alisema moyoni atarudi saa nane. Hakurudi, na ule unga ulichacha mpaka Fidélie akaumwaga.

Siku ile sahani haikuja. Kesho yake haikuja. Siku ya tatu alikwenda mwenyewe nyumbani kwake, na Angèle akamkaribisha kwenye kiti, akamuuliza habari za kazi, akamwita Monsieur Zéphyrin. Angemtukana ingekuwa afadhali. Alikaa pale kama mutu wa sensa, akaaga, akarudi kupika bukari yake yenye mabonge.

Audio aliifuta, lakini ilikuwa imeshakwenda. Ilikuwa Pweto, ilikuwa Lubumbashi, watu ambao hawajawahi kumuona Angèle wanaitumiana. Na baya zaidi lilitokea bila mtu kulipanga: grupe iliacha kusema Mademoiselle. Ikaanza kusema Angèle. Nimepata Angèle wawili. Angèle wangu nimemuyeyusha jana. Zéphyrin aliandika waache, akaandika tena kwa herufi kubwa, wakamtumia picha za kucheka.

Chiti alipokuja wiki ile hakufungua game. Alimwambia kwamba amekuwa mwizi, na Zéphyrin hakuelewa, basi akamfafanulia polepole kama mutu anayesema na mlevi. "Lile neno ni la kwangu. Mimi ni mtani, nikilisema tunacheka, kifo kinapita. Wewe ni damu yake. Ukilisema wewe, ni kesi, na umemuhukumu mbele ya batu." Akapanda baiskeli yake.

Kisha ikaja video ya Ennie. Ennie ni muuza vitenge wa Nchelenge, Kiswahili chake ni cha biashara tu, kwa hiyo hakueleza sana. Alituma video ya dakika nne na maneno mawili, kwamba mwalimu amekosea. Mademoiselle alikuwa mbele ya jitu lile ambalo lilishinda grupe nzima. Alipiga mshale, akakimbia. Jitu likamfuata. Alipiga, akakimbia. Sumu haikuwa kitu kwa nusu dakika, lakini ilikuwa inajilimbikiza, mshale juu ya mshale, na jitu, kwa kumfukuza yeye, halikuwagusa wale wengine walioachwa nyuma, hata mmoja. Katika dakika ya nne lilianguka lenyewe. Zéphyrin aliitazama mara tatu. Alikuwa amempima kwa saa isiyokuwa yake, na watu zaidi ya arobaini walikuwa wameshamyeyusha kwa neno lake.

Alituma audio mpya, fupi, bila kichekesho hata kimoja. Alisema amekosea juu ya shujaa huyu, kukimbia kwake ndiyo kazi yake, msiwayeyushe tena. Alisema pia amekosea juu ya yaya yake na anaomba neno lile lisitumiwe. Audio ile ilisikilizwa na watu thelathini na moja. Hakuna aliyeipeleka Lubumbashi.

Tarehe moja ya mwezi wa tatu ziwa lilifunguliwa, na wanawake wa kambi walishuka Nchelenge kununua samaki wa kwanza. Zéphyrin alifunga meza, akapata okazio, lifti nyuma ya gari la chumvi, akafika ufukoni watu wamejaa. Mitumbwi ilikuwa inaingia mmoja mmoja na wanawake wanaingia majini mpaka magotini, kila mmoja na beseni lake, kuwahi chisense, wale dagaa wadogo wa Mweru. Angèle alikuwa ameshapata mabeseni mawili. Alikuwa amesimama pembeni anakamua kitambaa cha kichwa.

Zéphyrin alikuwa amejiandaa njia nzima, lakini maneno yalitoka yamevunjika. Alisema alikosa. Alisema neno lile hakulitunga yeye, alimuibia Chiti, hakufikiri. Alisema tangu sahani iache kuja hawezi kula kitu kikashuka. Na kisha, kwa kutaka kumtuliza, akaongeza lile ambalo aliona ni zawadi.

"Yaya, miaka yote saba sikukulaumu hata siku moja. Ulikimbia, mimi nilibakia na mama, lakini sikukulaumu."

Angèle alimtazama. Ilikuwa mara ya kwanza kumtazama vizuri tangu Jumamosi ile, na macho yake hayakuwa na hasira, yalikuwa yamechoka tu.

"Wewe haukubakia, Zéphyrin," alisema. "Ulikuwa na malaria. Hata kusimama haukuweza. Mimi nilitaka kukubeba mugongoni, mama akakatala. Akasema, wewe beba batoto, ukimbie, huyu mimi nitabakia naye mpaka homa ishuke. Nililia, nikakatala. Alinipiga kofi ndiyo niende."

Mtumbwi mwingine uliingia na wanawake wakapita kati yao wakisukumana. Angèle alingoja wapite.

"Mama alikuwa na miguu kunipita mimi," alisema. "Angefika hapa wa kwanza."

Zéphyrin alimuuliza kwa nini hakumwambia. Angèle akamjibu kwamba alipomkuta upande huu wa mpaka alikuwa mifupa mitupu, na kitu kimoja tu kilikuwa kinamfanya ale na kulala, nacho ni kumwambia kila mutu kwamba alibakia na mama. Basi akamuachia. Akachukua yeye lile jina la kukimbia, halikuwa zito sana, alilizoea, na Chiti alikuwa akimsaidia kulicheka. Alikuwa na nia ya kufa nalo.

"Lakini haukutosheka," alisema. "Ulitaka na batu ba Lubumbashi bajue."

Zéphyrin alisimama kwenye mchanga ule. Kitu kilimrudia ambacho siku zote alikisimulia kama mvua: maji ya baridi yakimtiririka machoni, na mkono ukiyafuta, na maji tena, usiku na mchana. Mvua haikunyesha siku zile. Ulikuwa mwezi wa saba, kiangazi, na mkono ule ulikuwa wa mama. Alitaka kusema mama, na mdomo ule uliozoea kusema dakika tisa bila kupumzika haukutoa kitu.

Alikuwa amekuja kuomba msamaha kwa Angèle, na Angèle alikuwa ameshamsamehe tangu zamani, kabla hajajua kosa. Aliyebaki kuombwa alikuwa amelala shambani kwa watu, upande wa pili wa ziwa, na Zéphyrin hakuweza hata kulikumbuka shamba lenyewe, kwa sababu alipofika pale alikuwa na homa, amebebwa na mama.

Angèle alimwambia asilie mbele ya wavuvi. Akajitwika beseni moja, akamwonyesha lile la pili, na wakapanda barabarani kutafuta gari.