Shati la Chande Laenda Kliniki

Asubuhi hiyo Hasna alikuwa anageuza dagaa kichanjani, mwaloni Bangwe, wanapotua wavuvi wa ziwani, na alikuwa ameshatapika kabla jua halijapanda. Mimba yake ilikuwa changa, imeingia mwezi wa tatu, nayo ilimtia chuki na kila kitu chenye harufu: dagaa, mafuta ya injini, sabuni ya kipande, hata mate yake mwenyewe. Alitema pembeni, akafukia kwa mchanga na kidole cha mguu, akaendelea na kazi. Inzi walikuwa wengi kuliko dagaa. Alipokwenda chooni alikuta doa la kahawia kwenye kanga ya ndani. Aliporudi tena baadaye, doa lilikuwa jekundu.

Alilitazama kwa muda. Mimba yake ya kwanza ilianza kutoka hivyohivyo, kwa doa, na ilipomaliza kutoka, nyumba nzima ilimpa pole mara moja kisha ikaendelea na chakula cha mchana. Hasna hakutaka pole nyingine ya namna ile. Alichotaka ni kuambiwa kama mtoto yupo au hayupo.

Alimfuata mama mkwe wake, Bi Zaitun, aliyekuwa anafukuza kunguru kwa fimbo upande wa pili wa kichanja.

"Mama, naona damu."

"Toka hapo kwenye dagaa," alisema Bi Zaitun. "Sogea kabisa. Mwenye damu akiwashika hawakauki, wanaoza kwa ndani."

Hasna alisogea. Bi Zaitun aliinama kuwakagua dagaa, akawanusa, akaridhika, ndipo akauliza damu yenyewe ni nyingi au kidogo.

"Kidogo. Lakini inakuja."

"Uliruka wavu?"

"Sijaruka."

"Basi ulimwambia mtu mapema."

"Sijamwambia mtu, mama."

"Basi kalale. Chande akirudi ataamua."

Chande, mumewe Hasna, alikuwa kambini Mwamgongo. Kilikuwa kipindi cha giza, na wakati wa giza wanaume wa dagaa huhama na taa zao, hawarudi nyumbani mpaka mwezi uwake na dagaa waache kuzifuata taa. Simu yake haikupatikana. Wake wa mwalo ule walishazoea kwamba jambo linalomhitaji mume husubiri mwezi, liwe ni mlango uliovunjika au mtoto wa kutahiriwa. Hasna alilala mpaka adhuhuri huku amebana magoti. Alizuia chafya, akazuia kikohozi. Kila alipokwenda chooni hakuwa na haja yoyote, alikwenda kutazama tu.

Baada ya adhuhuri alijifunga kanga mbili akapanda kliniki.

Kliniki ya wajawazito ilikuwa na mabenchi mawili. La mbele lilikuwa na kivuli na liliandikwa AKINA BABA. La nyuma halikuandikwa kitu. Mjamzito aliyekuja na mume alipita kwanza, na aliyekuja bila mume kwa mahudhurio ya kwanza alirudishwa akamlete. Utaratibu huo uliletwa ili wanaume wajali. Siku hiyo benchi la mbele lilikuwa na mwanaume mmoja, amelala mdomo wazi, mate yanamtiririka hadi kolani, pombe inamnuka hadi mlangoni. Mkewe alipitishwa mara moja.

Nesi Eufrasia alikuwa mama safi wa Kasulu, sauti yake ya upole, mikono yake inanukia losheni.

"Baba yuko wapi?" alimuuliza Hasna.

"Yuko ziwani. Ni giza."

"Ego, ndiyo, ni giza. Basi akirudi mje naye."

"Dada, natokwa na damu."

"Ndiyo maana tunamtaka baba," alisema Eufrasia kwa huruma kabisa. "Jambo zito kama hilo nitamweleza nani?"

"Mimi."

Eufrasia alitabasamu kama mtu aliyesikia mtoto akiomba kuendesha gari. Alimshauri apate barua ya mwenyekiti wa mtaa. Mwenyekiti wa mtaa naye alikuwa na mitumbwi, na yeye pia alikuwa ziwani.

Hasna alirudi mguu mzito, mkono mmoja tumboni, na kusema kweli alikuwa na hasira ya kutaka kumpiga mtu. Uani, juu ya kamba, lilining'inia shati la kazi la Chande. Alikuwa amelifua kabla mumewe hajaondoka, akalifua tena, na harufu haikutoka. Lilikuwa shati la drafti, mikono mirefu, kwapani limeganda jasho la miaka, na magamba ya samaki yamenasa kwenye vifungo. Lilinuka dagaa, petroli na mwanaume. Hasna alipopita chini yake alitapika nyongo.

Alipomaliza kujifuta mdomo, shati lilikuwa limeshuka kutoka kwenye kamba. Lilisimama uani, mabega yamejaa kama yenye mtu ndani, kola imesimama, na juu ya kola hapakuwa na kitu. Lilining'inia hewani usawa wa kifua cha Chande. Lilingoja.

Bi Zaitun alitoka jikoni, akalitazama, akalivuta kola ikae sawa.

"Haya," alimwambia Hasna. "Si ulitaka mtu wa kwenda naye?"

Akaliwekea shati kigoda, na kwa kuwa ni mwanaume wa nyumba, akalimiminia chai kabla ya kummiminia Hasna. Shati halikunywa. Chai ilipoa ikaota utando, na Hasna hakuruhusiwa kuimwaga.

Kesho yake waliondoka pamoja. Shati lilitangulia, Hasna akafuata nyuma na kanga puani. Njiani watu wawili watatu waliliamkia, na mzee mmoja aliliuliza hali ya ziwa. Upepo ulipovuma kutoka mbele, harufu yote ilimwingia Hasna mdomoni, akawa anasimama, anainama, anatema, anajipapasa kuangalia kama damu imezidi, kisha anaharakisha ili asiachwe. Shati halikugeuka hata mara moja.

"Karibu sana baba!" alisema Eufrasia. "Tunashukuru umepata muda."

Shati lilikaa benchi la mbele, kivulini. Hasna alikwenda la nyuma. Hawakukaa sana, maana walikuwa wamekuja wawili, wakaitwa mbele ya wanawake waliokuwa wamekaa pale tangu alfajiri. Ndani, Eufrasia alivuta kiti akaelekeana na shati.

"Baba, damu ilianza lini?"

"Jana asubuhi," alisema Hasna.

"Subiri mama, naongea na baba. Ana maumivu ya tumbo?"

 Tone la maji ya ziwa lilidondoka kutoka kwenye mkono wa kulia wa shati, likaacha gamba sakafuni.

"Baba ni mpole," alisema Eufrasia, akaandika. "Ameshawahi kupoteza mimba?"

"Nimewahi," alisema Hasna. "Moja."

Eufrasia aliliangalia shati mpaka upepo wa dirishani ukaitikisa kola, ndipo akaandika moja.

Hasna alipandishwa kitandani, akapakwa mafuta ya baridi tumboni. Kifaa cha ultrasaundi kilipita kushoto, kikapita kulia, kikakaa mahali kikabonyeza. Mashine ilikuwa juu ya meza ya magurudumu. Eufrasia aliizungusha taratibu hadi kioo kikalielekea shati vizuri, na Hasna akabaki anautazama mgongo wa mashine, nyaya, vumbi na kibandiko cha zamani. Alijaribu kunyanyua kichwa.

"Lala, mama, usijitikise. Damu itazidi."

Akalala. Alisikiliza. Mashine ilikuwa haina sauti, spika iliharibika siku nyingi. Eufrasia alimweleza baba kwa sauti ya chini, akiwa amemwinamia kolani, akionyesha kioo kwa kalamu. Hasna aliona kalamu inazunguka duara dogo. Maelezo yalikuwa marefu. Mwishoni nesi akalishika shati mkono, yaani akashika kitambaa kitupu, akakitikisa.

"Yupo?" aliuliza Hasna. "Dada, mtoto yupo?"

"Nimeshamweleza baba kila kitu," alisema Eufrasia, akimpa tambara la kujifutia mafuta. "Atakwambia mkifika nyumbani. Wewe usijipe mawazo, mawazo ni mabaya kwa hali yako."

Hasna alishuka kitandani. Alitaka kulirarua shati pale pale na kumtupia Eufrasia vipande vyake usoni. Lakini ndilo pekee lililokuwa linajua, kwa hiyo alilifuata nje, akashuka nalo mteremko kwa adabu.

Nyumbani shati lilirudi kwenye kamba likaning'inia. Hasna alilizunguka. Aliliuliza kwa upole, akaliuliza kwa matusi. Bi Zaitun aliuliza kliniki wamesemaje, akajibiwa kuwa wameliambia shati, akatikisa kichwa kuonyesha kwamba ameelewa. Jioni damu ilikuja tena, kidogo, nyekundu. Hasna alitoka chooni akiwa amekata tamaa ya kila mtu, ndipo akaona mfuko wa kifuani wa shati unachezacheza, ingawa upepo ulikuwa umetulia.

Alisogea. Harufu ilimpiga. Aliziba pua kwa vidole akaegemeza sikio kwenye mfuko, pale penye magamba na mafuta, kitambaa kikiwa na unyevu kama ulimi. Ndani mlikuwa na mapigo. Yalikuwa madogo na ya haraka mno, kama ya kifaranga aliyeshikwa kiganjani. Hasna aliyasikiliza mpaka akashindwa kuzuia, akageuka, akatapika, akajifuta, akarudisha sikio. Alilia kwa furaha, na alichukia kwamba furaha yake inanuka vile.

Tangu siku hiyo kila alipoona doa alikwenda kwenye kamba. Sikio lake la kushoto lilishika harufu isiyotoka. Damu ilikuja siku nyingine, siku nyingine haikuja, na mapigo yaliendelea.

Habari zilienea mwaloni bila mtu kuzishangaa. Jirani yao Yunisi, mke wa Meshack, mwenye mimba ya tano, alipeleka koti la mvua la mumewe, likapokewa vizuri. Mwingine alipeleka suruali, ikakubaliwa pia. Kabla giza halijaisha, benchi la mbele lilijaa mashati, makoti na fulana za timu, yote yamekaa kivulini, na wanawake wamebanana chini ya jua kali kwenye benchi la nyuma. Wakubwa walikuja kutoka mjini wakapiga picha. Eufrasia aliwaambia kuwa mwitikio wa akina baba umepanda sana.

Kisha mwezi ukawaka, na Chande akarudi.

Alikuwa mwanaume wa kawaida, hakuwa mkorofi. Alioga, akala, akasikiliza habari yote hadi mwisho huku anajichokonoa meno.

"Basi vizuri," alisema. "Si mmeshaenda na shati?"

"Nataka twende wote. Mimi na wewe. Damu haijakata."

"Nikafanye nini tena? Nilishakwenda."

Alitoka uani, akalichukua shati kwenye kamba akalivaa. Shati halikupinga. Alikwenda barazani kwenye kahawa, na huko wanaume walimpa hongera, maana mashati yao yalikuwa yamekaa benchi moja na lake. Chande alipokea hongera zote.

Siku chache baadaye, muda wa magharibi, damu ilikuja kuliko siku zote. Haikuwa doa tena. Ilishuka hadi kwenye kifundo cha mguu, na kiuno kikaanza kuuma. Hasna alijifunga tambara, akaenda kwenye kamba, akakuta kamba tupu. Chande alikuwa sebuleni kwenye mkeka, amevaa shati, anangoja chakula.

Hasna alimsogelea. Alipiga magoti, akaegemeza sikio kwenye mfuko. Alisikia moyo. Ulikuwa mkubwa na wa polepole, umeshiba, unapiga kama mtu anayetwanga bila haraka. Alibonyeza sikio zaidi. Aliziba sikio la pili kwa kiganja. Chini ya moyo ule, au nyuma yake, huenda kulikuwa na kitu kidogo kinachopiga mbio, na huenda hakikuwepo. Moyo wa Chande ulijaa mfuko mzima.

"Unataka nini?" aliuliza Chande.

"Vua."

"Nivue nini?"

"Shati. Nisikie kama bado yupo."

"Si waliniambia yupo?" alisema Chande, ambaye siku ile alikuwa Mwamgongo anaosha taa. "Nesi alinionyesha kwa kalamu kabisa. Acha wasiwasi."

"Vua, Chande. Nakuomba. Kisha unipeleke."

"Muache mwenzio ale," alisema Bi Zaitun kutoka jikoni. "Na usikae hapo penye chakula na hali hiyo."

Chande alimtazama mkewe, akaona amekunja uso, akadhani ni kichefuchefu cha mimba. Alifunga kifungo cha mfuko ili asimsumbue kwa harufu, akavuta sinia. Hasna alitoka akakaa kizingitini, magoti yamebana, akingoja mumewe alivue shati aende kulala.

Chande alilala nalo mwilini.