Maji Yaliyokataa Kunyamaza

Gideoni Mgaya alipohamishwa kutoka Makambako kwenda kuwa karani katika boma la Njombe, alipewa nyumba iliyokuwa ya bwana mifugo, Mzungu aliyekwisha kurudi kwao. Ilikuwa nyumba ya matofali, yenye meko ya kuotea moto sebuleni na, karibu kabisa na chumba cha kulala, choo cha kuvuta mnyororo. Mkewe Tabea hakuwahi kuona choo kikikaa nyumba moja na watu. Mwanzoni alikipitia mbali, kama apitaye karibu na mbwa asiyemjua.

Alipoanza kukizoea, mama mkwe wake, Idda, akaja kuwatembelea kutoka Matembwe, na haukupita muda maji yakakataa kunyamaza.

Awali ukivuta mnyororo, tangi lililokuwa juu ukutani lilinguruma, likajaa, likatulia. Sasa lilijaa lakini halikutulia. Lilizidi kuvuma, na maji yakatoka kwa kibomba kilichotokeza ukutani nje, yakamwagika usiku na mchana hata njia ya kwenda jikoni ikawa tope tupu.

"Labda ndivyo lilivyo," Gideoni alisema huku akifunga viatu, maana alikuwa anafuatana na bwana shauri wa boma kwenda Ludewa. "Huenda kwa baridi hii linafanya hivyo."

"Wiki iliyopita hapakuwa na baridi?" Tabea aliuliza.

Gideoni alikaza kamba ya kiatu cha pili. "Nikirudi nitaomba fundi," akasema, akaenda zake.

Tabea akamwendea jirani yake Getruda, mke wa dresa wa hospitali, aliyeishi na choo cha namna ile muda mrefu kumpita. Getruda akamshauri avute tena, kwa nguvu. Akavuta, maji yakaendelea. Akashauriwa asivute kabisa. Hakuvuta, na maji hayakujali. Kisha asubuhi moja Getruda mwenyewe akaja na ndoo mkononi.

"Kamwene, mama," alisalimia. "Kwangu bomba linatoa matone tu. Tangi la kilimani ni moja kwa nyumba zote hizi."

"Kwani ni mimi ninayeyamwaga?"

"Sijui, mwenzangu. Naona tu yanatokea ukutani kwako."

Tabea alirudi ndani uso umemwiva. Alijiuliza kosa lake ni lipi. Alikuwa amelisugua bakuli la choo kwa mchanga, kama anavyosugua sufuria. Pengine vitu vya Kizungu havitaki mchanga. Na mama mkwe naye alikuwa amebadilika. Hakula vizuri, hakuzungumza, na kila alfajiri alijitanda kaniki yake akaenda kwenye miti ya miwati nyuma ya nyumba. Tabea aliona wazi kuwa amemuudhi, ila hakujua kwa lipi.

Mchana ule alimkuta Idda anafunga kifurushi.

"Mama, unakwenda wapi?"

"Matembwe. Niondoke kabla mwanangu hajarudi."

"Nimekukosea nini, mama?"

Idda alimtazama kwa mshangao. "Wewe? Ni mimi niliyekivunja kile kitu. Nilivuta mnyororo, nikaona umekaza, nikaning'inia kwa uzito wangu wote. Huko juu kikalia kama kitu kilichokatika. Tangu siku ile hakijanyamaza. Mwanangu atawajibu nini Wazungu?"

Tabea hakujua acheke au alie. "Na mimi nilidhani nimekiharibu kwa mchanga," alisema.

Kila mmoja akalipima kosa la mwenzake. Kisha Tabea akaenda kuburuta meza ya jikoni hadi chooni, akapanda, Idda akishikilia miguu ya meza. Ndani ya tangi aliona dude la shaba, duara kama kibuyu, limefungwa kwenye mkono wa chuma, limezama majini. Akaliinua. Mvumo ukakoma. Akaliachia. Mvumo ukarudi.

"Umelifanya nini?" Idda aliuliza kutoka chini.

"Nimeliinua tu."

"Basi liinue."

"Siwezi kusimama hapa mpaka Gideoni arudi, mama."

Idda akachana ukanda wa kanga kuukuu, wakalifunga dude lile kwenye msumari. Nyumba ikawa kimya. Walitazamana, wasijue kama wametengeneza au wamemaliza kuharibu, maana walipovuta mnyororo maji yalishuka vizuri, kisha tangi halikujaa tena. Ikabidi kila wakivuta, mmoja apande mezani kufungua, asubiri maji yapande, afunge. Siku ya pili Idda alikuwa akitoa amri kutoka chini kama nyapara, na kifurushi kilikuwa kimefunguliwa.

Gideoni aliporudi alikuta meza chooni na kitambaa kinaning'inia kwenye tangi. Wanawake walimweleza wote wawili kwa pamoja, asielewe hata neno. Akapanda mwenyewe, akafungua kitambaa, maji yakavuma, akakifunga upesi.

"Liacheni hivyo hivyo," alisema.

Fundi Enoki alikuja baadaye kwa lori kutoka Makambako. Alilifungua lile dude, akalitikisa sikioni. Ndani mlisikika maji. Lilikuwa na kitundu kidogo, kimezungukwa na kutu ya kijani.

"Hili ndilo boya. Linapaswa kuelea ili lizibe maji. Likiingia maji, linazama."

"Nani alilitoboa?" Idda aliuliza.

"Hakuna. Limeoza tu kwa umri."

"Si kwa kuning'inia kwenye mnyororo?"

"Hapana, mama."

"Lakini kililia."

"Vyote hulia," Enoki alisema, akafunga boya jipya.

Idda alikaa nao mpaka wakati wa kuvuna maharage. Getruda alipokuja kusema kwamba maji yamerudi bombani kwake, akataka kujua fundi alifanya nini hasa. Tabea akaanza kumweleza habari za mkono wa chuma, na kuzama, na kuelea, na tangi kujaa kwa sababu halikuziba, au kuziba kwa sababu limejaa. Akakwama katikati ya maelezo.

"Amebadilisha," alisema, akamkaribisha uji.