Unga Uliochekechwa

Careen alishuka kwenye haisi stendi ya Newala amekumbatia boksi la tona, ule wino wa unga wa printa, kama mtu aliyebeba mayai. Ilikuwa tona halisi ya kampuni iliyotengeneza printa yao, na aliifuata mpaka Masasi, kwa sababu wifi yake Josephina, mwenye nusu ya duka lao la steshenari, hanunui kitu ila kile cha bei chee.

Hajafika mlangoni mwa duka, akasikia mashine ikilia. Alikuwa ameagiza isiguswe mpaka arudi. Mitihani ya pamoja ya shule za kata ilitakiwa jioni ile ile, na mratibu wake, Mwalimu Alphonce, alishasema wazi kwamba ikitoka vibaya, kazi zote za shule zinahamia Masasi. Bila kazi za shule wangefunga duka. Nani anaishi kwa kutoa kopi za vitambulisho?

Akachukua karatasi ya juu. Ilikuwa ya kijivu kama iliyopangusiwa jiko, na mstari mweusi umeipasua kuanzia swali la kwanza hadi la mwisho.

"Josephina, umeweka nini humu?"

"Wino."

"Wino gani? Ule wako wa bei chee uliisha jana."

"Uliisha kwako wewe unayetupa." Josephina alinyoosha kidevu kuelekea kikopo cha pembeni, ambamo mashine hutemea unga wake uliokwisha kutumika. Kilikuwa kitupu. Juu ya kaunta palikuwa na kipande cha kitenge, cheusi tititi. "Nimeuchekecha, nikaurudisha. Kwetu Mnyambe salfa ya kupulizia mikorosho ikimwagika tunaizoa, tunaichekecha, inarudi kwenye pampu. Sijaona mkorosho uliolalamika."

"Huo si wino, ni kinyesi cha mashine! Umejaa vumbi la karatasi na chembechembe!"

"Diploma yako hiyo inaongea."

"Inaongea na kiziwi."

"Na ikusaidie basi. Nyie watu wa kuja mnachojua ni kununua tu. Kaka yangu maskini, alidhani ameoa mke, kumbe ameoa boksi."

Careen aliichomoa tona ya zamani kwa nguvu, unga ukamrukia kifuani, akapachika mpya, akachapa ukurasa mmoja. Herufi zilitoka nyeusi, zimekolea. Mstari ulikuwa pale pale. Akafungua kifuniko na kuinama. Ile ngoma inayobeba maandishi kabla hayajashuka kwenye karatasi ilikuwa imechubuka, ngozi yake imekwaruzwa na chembe za unga wa Josephina. Hapo hata tona ya dhahabu isingesaidia kitu.

"Kumbe na ya kampuni inachora mstari!" Josephina alisema, kwa sauti tamu kama ya aliyeshinda kesi. "Si bora tungeupata mstari huo huo kwa bei nafuu?"

"Hodi humu."

Mwalimu Alphonce aliingia, akainua karatasi moja na kuielekeza kwenye mwanga wa mlango. "Watoto wangu wasome nini hapa?"

Jibu Careen alikuwa nalo. Yule aliyemuuzia tona Masasi alikuwa na mashine tatu, na alimwambia akikwama apeleke kazi. Angepanda gari saa ile ile, na alfajiri, kabla watoto hawajaingia darasani, mitihani ingekuwa mezani kwa mwalimu. Lakini alipofungua mdomo, macho yake yalitua kwenye kile kitenge.

"Muulize huyu! Muulize mtaalamu wa salfa!"

"Mwambie na habari za boksi lako, uliloshindia Masasi siku nzima!"

"Uliambiwa usiguse!"

"Na nani? Duka la nani hili?"

Waliendelea hivyo, kidole kwa kidole, mate yakiruka. Mwalimu Alphonce aliita mara moja, "Jamani." Kisha akachomoa flashi yake kwenye mashine, akatoka. Walipogeuka, bodaboda ilikuwa imeshika njia ya Masasi, naye kaketi nyuma, kaushika mkoba kwa mikono miwili.

Josephina aliketi juu ya maboksi ya karatasi.

"Tungeweza kwenda kuchapisha kule kule Masasi," Careen alisema. "Ningemwambia mwalimu tu, angenikubalia."

"Sasa mbona hukumwambia?"

"Nilikuwa nakusema wewe."