Makosa ya Kompyuta

Kiti alichopewa Wekoye asubuhi ile kilikuwa cha mbele kabisa, kando ya naibu chifu, tena kimewekwa mto. Watu wengine wote waliofika barazani walikalia mabenchi ya kanisa, na waliochelewa walisimama wakiegemea ukuta. Wekoye alijaribu kukataa. Alisema atakaa tu na wenzake huko nyuma. Watu wakacheka, wakamsukuma mbele. "Meneja akae na sisi huku? Hapana bana!" Na yeye, badala ya kukaza msimamo, akakaa. Hapo ndipo mambo yalipoharibika, ingawa tukisema ukweli yalikuwa yameharibika kitambo.

Maana Wekoye hakuwa meneja. Hajawahi kuwa meneja. Kwa miaka mingi alikuwa karani wa stoo katika kiwanda kimoja cha mbegu mjini Kitale, mtu wa kupokea magunia na kutia sahihi lori likitoka. Kazi ya heshima, haina ubaya wowote. Lakini kule kwao Naitiri, upande wa Bungoma, mtu akija Krismasi na viatu vinavyong'aa, akiwagawia majirani pakiti za mbegu, jina la karani halimtoshi. Walimwita Meneja, naye hakuwahi kuwasahihisha hata mara moja. Mabati ya kanisa lile lile alilokuwa amekaa ndani yake, yeye ndiye aliyeongoza mchango wake. Alikuwa anapenda sana kuitwa mbele, Wekoye, na mtu anayependa kuitwa mbele hujifunza kwa shida kukaa nyuma.

Kisha kiwanda kikapunguza watu. Walikusanywa uani asubuhi moja, wakashukuriwa kwa utumishi wao mwema, wakaambiwa warudishe makoti ya kazi. Wekoye alirudisha lake likiwa limefuliwa na kupigwa pasi, sijui alitaka kumfurahisha nani.

Kijijini hakumwambia mtu. Mama yake, Wilkista, alipopiga simu kuuliza mbona siku hizi kimya, alimwambia kampuni inabadilisha benki, avumilie kidogo. Baadaye alimwambia benki nayo ina shida. Baadaye tena akaacha kupokea simu mchana, akawa anapiga mwenyewe jioni, haraka haraka, kama mtu mwenye kazi nyingi. Mkewe Phelista alikuwa anafulia watu nguo mtaani Tuwani, na mwenye nyumba alikuwa ameshakuja mara kadhaa kuwaonyesha kufuli atakalowafungia mlango wasipolipa kodi. Alilibeba mkononi, akaongea kwa upole kabisa, akaondoka nalo. Hilo kufuli liliwanyima usingizi kuliko matusi.

Ndipo ukatangazwa mpango wa serikali wa kuwashika mkono waliopoteza kazi. Wekoye akaenda ofisini Kitale. Wakamwambia alete barua ya kiwanda. Akaleta. Wakasema haina muhuri. Akarudi kiwandani, akakuta mwenye muhuri naye amepunguzwa. Alipoupata huo muhuri kwa kubembeleza, mashine ikakataa vidole vyake. Karani akamwambia akanawe, akanawa. Apake mafuta, akapaka. Mwishowe akaambiwa ati vidole vyake havina mistari, kana kwamba ameivua akaiacha nyumbani. Kisha wakagundua kitambulisho chake ni cha Bungoma, wakamtuma Bungoma. Bungoma wakashangaa kwa nini hakujiandikisha Kitale anakoishi. Alisimama kwenye foleni mpaka akawajua walinzi wa ofisi zote mbili kwa majina ya watoto wao, na kila mara aliporudi nyumbani Phelista alimtazama usoni tu, akaongeza maji kwenye mboga.

Siku ambayo karatasi zote zilikubaliwa, karani alimtazama kwa mara ya kwanza kama mtu. "Umebakisha baraza peke yake, mzee. Watu wa kwenu watasomewa jina lako, waseme kama ni ukweli huna kazi."

Wekoye akaisogelea meza. "Si mniulizie hapa Kitale? Majirani wananijua."

"Kitambulisho kinasema Naitiri."

"Hakuna njia nyingine, bwana? Hata barua ya pasta?"

"Mzee, ni baraza. Wasipokutambua, jina linatoka."

Asubuhi ya safari Phelista alimfungia viazi vitamu, akamshika kola ya shati. "Baba Sharon, ukifika huko usijifanye mkubwa. Sema tu. Ni aibu ya siku moja, halafu inaisha." Akaahidi. Aliahidi kwa moyo wote, na huenda angetimiza kama wasingemwekea mto kwenye kiti.

Baraza likafunguliwa kwa maombi. Msichana aliyetumwa kutoka Bungoma na kishikwambi chake, jina lake Sandra, akaeleza utaratibu: atasoma jina, watu waseme wanavyomjua mwenyewe, na wakikubaliana anabonyeza. Wataanza na waliopoteza kazi, kisha wazee walioomba msaada. Jina la kwanza lilikuwa la kijana aliyekuwa akifanya kazi Moi's Bridge kwenye ghala la mahindi. Akasimama, akasema amefukuzwa, watu wakasema kweli, Sandra akabonyeza. Yote yalichukua muda wa kunywa maji tu. Wekoye akajiambia, kumbe ni rahisi hivi.

"Wekoye Barasa," Sandra akasoma.

Kisha mtu akacheka kule nyuma, na kicheko kikasambaa benchi kwa benchi mpaka kikamfikia naibu chifu, ambaye alijizuia kwa adabu, akashindwa. Mzee Wabwile, mhazini wa kanisa, akasimama bila kuitwa.

"Madamu, huyo ni Meneja wetu! Ndiye huyu hapa amekaa mbele. Hii mabati unaona juu ni yeye. Sasa ati hana kazi? Nani anataka kuharibia mtoto wetu jina?"

"Ni maadui!" mama mmoja akadakia. "Watu ni wabaya!"

Walikuwa wanamtetea. Kila neno lao lilikuwa la mapenzi, na kila neno lilimfunga mlango. Akawatazama, nyuso zote zimemgeukia kwa fahari, na kule nyuma karibu na dirisha akamwona mama yake. Hakuwa amejua kama yupo. Wilkista alikuwa amejikunja nyuma ya kitambaa cha kichwa kama mtu asiyetaka kuonekana, lakini sasa alikuwa amenyoosha shingo, uso ukiwaka kwa furaha ya kusikia mwanawe akisifiwa.

Naibu chifu akamwinamia, akamrahisishia. "Meneja, hii jina lako imeingia aje huku? Au ni makosa ya kompyuta?"

Wekoye alifungua mdomo. Maneno ya Phelista aliyakumbuka yote, neno kwa neno.

"Labda," akasema, "labda ni makosa ya kompyuta."

Kanisa likapiga makofi. Sandra peke yake ndiye ambaye hakupiga. Alikitazama kishikwambi, ambamo bila shaka barua yenye muhuri ilikuwamo, kisha akamtazama yeye. "Una uhakika, mzee? Nikitoa, imetoka."

"Toa tu, dada."

Akabonyeza. Wekoye alijichukia papo hapo, chuki ya kweli. Alimwona mwenye nyumba na kufuli lake. Alitamani kuinuka aondoke, lakini mtu aliyeketi mbele haondoki bila watu wote kumwona, kwa hiyo akabaki pale akitabasamu mpaka mashavu yakamuuma. Majina ya waliopoteza kazi yakaisha, Sandra akaingia kwenye wazee.

"Wilkista Nasambu."

Mama yake hakusimama mara moja. Aliposimama, alishikilia benchi la mbele yake na hakumtazama mtu yeyote, hasa mwanawe. Wekoye akaelewa kwa nini alikuwa amejificha kule dirishani. Alikuwa amejiandikisha bila kumwambia. Huku anajiandikisha, huku anawaambia majirani kwamba mwanawe anatuma pesa kila mwezi.

Naibu chifu akakuna kidevu. "Sasa mama, hapa ni shida. Wewe uko na Meneja. Hii pesa ni ya wazee hawana mtu. Kuna mama hapa hawana hata mtoto mmoja. Ama niaje, wananchi?"

"Ni kweli!" wakaitikia, bila ubaya wowote. "Mama Meneja atarishwa na kijana yake!"

"Si ata yeye anaelewa," Wabwile akasema. "Mama, si unaelewa?"

Wilkista akaitikia kwa kichwa. Alikuwa amekonda. Wekoye aliona sasa jambo ambalo kwenye simu za jioni haliwezi kuonekana: shingo ya mama yake ilikuwa imebaki mishipa, na gauni lililokuwa likimkaa Krismasi iliyopita lilikuwa linaning'inia.

"Toeni tu," mama akasema. "Mimi niko na mtoto."

Sandra akanyanyua kidole.

"Ngoja!"

Hakujua kama amesimama mpaka alipoona mto umeanguka chini. Kanisa zima lilimtazama likingoja ahadi, labda ahadi ya kuwasaidia wazee wote wa kata ndogo, maana Meneja alikuwa na tabia hiyo.

"Usimtoe," akasema. Sauti ilitoka nyembamba. "Mama hana mtu. Mimi sina kazi. Walinifuta tangu mvua za kwanza. Sijamtumia kitu, hata sukari. Na mimi sio meneja. Nilikuwa karani wa stoo."

Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka. Mtu alikohoa, mtoto akaulizia uji, na naibu chifu akaanza kupanga karatasi zake ambazo zilikuwa zimepangika. Wekoye aliona aibu ambayo hakuwahi kuidhania, aibu ya masikio, ya mikono asiyojua aiweke wapi. Akasema tena, bila kuombwa, "Sio makosa ya kompyuta."

Sandra akaushusha mkono wake. Wilkista akabaki kwenye orodha. Kisha, kwa sauti ya chini iliyosikika kanisa zima, Sandra akamweleza Wekoye kwamba jina lake yeye haliwezi kurudishwa. Likishatolewa na baraza, mfumo umefunga. Itabidi aanze upya Kitale.

"Barua na muhuri?"

"Na vidole, mzee. Pole."

Baraza lilipoisha watu walimjia mmoja mmoja wakampa mkono, mikono miwili miwili kama wanavyompa mfiwa. Pole, Wekoye. Pole sana, ndugu yetu. Jina la Meneja lilikuwa limekufa, wakawa wanamzika nalo pale mlangoni. Mzee Wabwile alikuja wa mwisho. Alimshika mkono muda mrefu kuliko wengine, na alipouachia, noti iliyokunjwa ilikuwa imebaki kwenye kiganja cha Wekoye. Wekoye mwenyewe alikuwa amewafanyia watu hivyo mara nyingi, kwenye mlango huo huo, na sikuzote alifurahi walivyokuwa wakiinamisha kichwa. Akainamisha kichwa.

"Asante, mzee."

Mama yake alikuwa amesimama pembeni, akaona.

Walitembea kwa njia ya mashambani, katikati ya mahindi yaliyoanza kutoa mbelewele. Wilkista alitangulia. Aliokota kuni moja njiani, akaitupa. Walipofika mahali ambapo hakuna mtu angeweza kuwasikia, akasimama bila kugeuka.

"Ungenyamaza, papa," akasema, kwa jina ambalo akina mama wa kwao huwaita wana wao wa kiume. "Ningerara njaa, lakini nirare njaa nikiwa mama ya mtu."

"Mayi, ningenyamaza aje? Umekonda."

"Nimekonda. Na ulikuwa unajua?" Akakaza kitambaa cha kichwa. "Mimi nilikuwa naambia watu uko na kazi nyingi. Kira siku. Mpaka nikaamini."

Wekoye alitaka kumwomba msamaha, lakini msamaha wa kitu gani, wa kusema uongo au wa kusema ukweli, hakujua. Akalia kidogo, akajipangusa kwa mkono wa shati. Mama yake alimsubiri amalize, kisha akamgeukia.

"Wabwile amekupatia nini?"

"Kitu kidogo."

"Umrudishie. Sasa hivi, kabla hajafika kwake. Rudi umrudishie."

Nauli ya kurudi Kitale hakuwa nayo, na Phelista alikuwa akingoja habari. Wekoye alitia mkono mfukoni akaishika ile noti. Akampita mama yake pale njiani, akaendelea kutembea kuelekea nyumbani.